Australia: Halmashauri yenye watu wasiofika 300 huendeshwaje?

Wilaya ya Diamantina iko magharibi kabisa mwa jimbo la Queensland, ikipakana na South Australia na Northern Territory. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 95,000, yaani Rwanda na Burundi zikiunganishwa bado haziifikii. Hata hivyo, sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa wakazi wake hawakufika 300. Wilaya hii ina meya, madiwani, ofisi, magreda na bajeti kama halmashauri nyingine yoyote. Makala hii inaeleza jinsi serikali ya mitaa inavyofanya kazi mahali kama hapo, nani anailipia, na kwa nini mustakabali wake unajadiliwa.

Ngazi tatu za serikali

Australia ina serikali ya shirikisho yenye makao yake Canberra, serikali za majimbo, na chini yake halmashauri zipatazo 537. Katiba ya nchi haizitaji kabisa halmashauri hizi. Wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni mwaka 1974 na tena mwaka 1988 kama zitambuliwe kikatiba, na mara zote mbili walikataa.

Maana yake ni kwamba halmashauri ni zao la sheria ya jimbo. Queensland inaongozwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2009. Serikali ya jimbo ina uwezo wa kuunda halmashauri, kubadili mipaka yake, kuiunganisha na jirani yake, au hata kuivunja.

Nani anachaguliwa

Diamantina ina meya mmoja na madiwani wanne. Uchaguzi hufanyika kila baada ya miaka minne, na wa mwisho ulikuwa Machi 2024. Meya huchaguliwa moja kwa moja na wapiga kura. Kwa kuwa wilaya haijagawanywa katika kata, kila diwani anawakilisha wilaya nzima.

Kupiga kura ni lazima kwa raia wa Australia aliyetimiza miaka 18, na asiyepiga bila sababu ya msingi hutozwa faini. Katika wilaya nyingi za magharibi mwa Queensland kura hupigwa kwa posta, maana mkazi wa shamba la mifugo anaweza kuwa mamia ya kilomita kutoka mji wa karibu.

Madiwani wa wilaya kama hizi kwa kawaida wana shughuli zao nyingine, hasa ufugaji wa ng'ombe, hoteli na biashara ndogo. Katika jamii ya watu wachache kiasi hiki, diwani anaweza kujikuta anajadili barabara inayofika kwenye shamba la ndugu yake. Ndiyo sababu sheria inamtaka kutangaza maslahi yake, na pale yanapogongana na kazi yake, ajitoe katika uamuzi.

Kazi za halmashauri

Makao ya halmashauri yako Bedourie, yalipohamishiwa kutoka Birdsville mwaka 1953. Miji hiyo miwili imetenganishwa na karibu kilomita 190 za barabara.

Kazi ya kwanza ni barabara, ambazo nyingi ni za udongo na changarawe. Halmashauri hukarabati barabara zake yenyewe, na pia hupewa mikataba ya kutunza barabara za jimbo zinazopita wilayani. Mikataba hiyo ni chanzo muhimu cha mapato na ajira.

Kazi ya pili ni maji. Birdsville hutegemea kisima kirefu kinachochota maji kutoka hifadhi kubwa ya chini ya ardhi iitwayo Great Artesian Basin. Maji hayo hutoka yakiwa na joto linalokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, hivyo lazima yapozwe kabla ya kufika bombani.

Halmashauri pia husimamia viwanja vya ndege, uzoaji wa taka, makaburi, mbuga za mapumziko na maandalizi ya maafa. Katika maeneo ya mbali, halmashauri nyingi hujikuta zinatoa hata huduma ambazo mjini zingetolewa na kampuni binafsi, kama vile nyumba za kupangisha, kwa sababu hakuna mfanyabiashara anayeona faida ya kwenda huko.

Mafuriko ni jambo la kawaida. Mito Diamantina na Georgina huleta maji ya mvua iliyonyesha mbali kaskazini, na mji unaweza kuzingirwa na maji kwa wiki kadhaa hata kama kwao hakujanyesha. Hapo ndege ndiyo njia ya kufikisha chakula na dawa. Maji yakishapungua, halmashauri huorodhesha uharibifu wa barabara ili serikali ya jimbo na ya shirikisho zichangie matengenezo.

Fedha zinatoka wapi

Halmashauri hutoza kodi ya ardhi kwa wamiliki. Lakini wilaya yenye walipakodi wachache haiwezi kutunza mtandao mrefu wa barabara kwa kodi hiyo peke yake.

Pengo hilo hujazwa kwa ruzuku. Tangu mwaka wa fedha 1974–75 serikali ya shirikisho imekuwa ikizipa halmashauri fedha kupitia majimbo. Ruzuku hiyo ina mafungu mawili, la matumizi ya jumla na la barabara, na halmashauri huamua yenyewe itumieje. Asilimia 30 ya fungu la matumizi ya jumla huzingatia idadi ya watu, ili kila halmashauri ipate kiwango cha chini. Sehemu iliyobaki hugawanywa kwa kuangalia mahitaji, na hapo ndipo wilaya za mbali hunufaika.

Vyama vya halmashauri vinalalamika kwamba ruzuku hii imeshuka. Katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa karibu asilimia 1 ya mapato ya kodi ya shirikisho, na sasa ni karibu nusu ya hapo. Mwaka 2024 kamati ya Bunge la shirikisho ilianza kuchunguza kama halmashauri zinaweza kuendelea kujimudu.

Kuunganisha au kuacha?

Mwaka 2008 Queensland ilipunguza halmashauri zake kutoka zaidi ya 150 hadi 73. Longreach, Ilfracombe na Isisford ziliunganishwa kuwa moja. Diamantina iliachwa, kwani kuiunganisha na jirani kungeongeza umbali bila kuongeza walipakodi wa maana. Maeneo manne, likiwemo Noosa, yalipiga kura kujitenga tena na kupata halmashauri zao Januari 2014.

Njia nyingine ni kutokuwa na halmashauri kabisa. Zaidi ya nusu ya ardhi ya South Australia haina. Wakazi wake wachache huhudumiwa na mamlaka ya jimbo iliyoundwa mwaka 2010, ambayo wajumbe wake huteuliwa. Huduma za msingi zinapatikana, lakini mkazi asiyeridhika hana diwani wa kumwondoa kwa kura.

Kwa Bedourie na Birdsville suala hili linagusa maisha ya kila siku. Halmashauri ni miongoni mwa waajiri wakubwa wilayani. Ikifungwa, fundi wa greda na familia yake huhama, wanafunzi shuleni hupungua, na jimbo bado litalazimika kutafuta mtu wa kuifungua barabara baada ya mafuriko.