Kilifi: kwanza mjue mgonjwa, dawa baadaye

Wadau, tukizungumzia kuandika dawa kwa kompyuta hospitalini, huwa tunaruka swali la kwanza: mgonjwa huyu ni yupi? Kilifi walilikabili mapema. Mwaka 2000 mradi wa KEMRI na Wellcome Trust ulianza kusajili wakaazi wa eneo la kilomita za mraba 891 kuizunguka hospitali ya wilaya. Kuanzia 2002, waliolazwa waliunganishwa na rejista hiyo.

Si kazi ndogo. Wagiriama huwapa watoto majina ya mababu, basi akina Charo na Kadzo ni wengi. Jina halitoshi; mpaka uulize anatoka wapi, anaishi na nani. Ukikosea hapo, dawa sahihi itaandikiwa mtu mwingine. Waprogramu, tusisahau.