Neno na Matumizi: «Huru»

Vijana wetu wa hapa Sange wanaopenda gemu wakikutana na maneno ya Kifaransa «jeu indépendant» husema «mchezo wa bure». Sivyo. Bure ni kisicholipiwa. Huru, neno la asili ya Kiarabu, ni asiye na bwana. Gemu ya Aurion ya studio ya Kiro'o Games, Yaoundé, Kameruni, iliyotoka 2016, ni mchezo huru: watunzi hawakuamrishwa na kampuni kubwa. Ila unauzwa! Vilevile michezo mingi ya ajabuajabu ya Playdate, kidude cha njano cha kuchezea gemu cha Marekani cha 2022, chenye mpini unaozungushwa kwa mkono kama wa cherehani (hapa nani amekiona?). Na mchezo unaonakiliwa kwenye flashi? Unamlipa mwenye kompyuta anayekunakilia, mtunzi hapati kitu. Huo uiteni wa wizi.