Kutoka Orodha ya Mersenne hadi Vigawo vya Cole: Historia ya Namba 2⁶⁷ – 1

Namba 147,573,952,589,676,412,927 ina tarakimu 21, nayo hupatikana kwa kutoa 1 katika 2 yenye kipeo cha 67. Kwa zaidi ya karne mbili ilihesabiwa miongoni mwa namba tasa. Insha hii inajadili namna ilivyoondolewa katika kundi hilo, na inadai kwamba kujua kundi la namba na kujua vigawo vyake ni maarifa mawili tofauti.

Suala hili lina asili ya kale. Euclid alithibitisha kuwa ikiwa 2ⁿ – 1 ni tasa, basi zao lake na 2 yenye kipeo cha n – 1 ni namba kamilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe. Hivyo, kila namba tasa ya umbo hilo ilizaa namba kamilifu mpya. Mwaka 1644, mtawa Mfaransa Marin Mersenne alichapisha orodha ya vipeo visivyozidi 257 alivyodai huzaa namba tasa, na 67 ikawamo. Hakutoa uthibitisho. Uchunguzi wa baadaye ulionesha kuwa 67 na 257 viliingizwa kimakosa, na kwamba 61, 89 na 107 viliachwa.

Mwaka 1876, Édouard Lucas alionesha kuwa 2⁶⁷ – 1 si tasa. Alitumia mfuatano wa namba na masalio ya kugawanya, bila kutaja kigawo hata kimoja. Kundi la namba hiyo likawa limejulikana, lakini vigawo vyake vikabaki fumbo.

Fumbo hilo lilifumbuliwa na Mmarekani Frank Nelson Cole, aliyewasilisha matokeo yake katika mkutano wa chama cha wanahisabati wa Marekani tarehe 31 Oktoba 1903. Vigawo ni 193,707,721 na 761,838,257,287, vyote viwili tasa. E. T. Bell alisimulia kwamba Cole alifanya hesabu ubaoni bila kutamka neno, kisha akashangiliwa. Simulizi hilo lilichapishwa mwaka 1951, takribani nusu karne baada ya tukio, hivyo linahitaji kusomwa kwa tahadhari. Ushahidi ulio imara zaidi ni makala ya Cole mwenyewe, inayoonesha kuwa hakubahatisha. Kila kigawo tasa cha namba hii lazima kizidi kigawe cha 134 kwa 1, na Cole alitumia pia masalio ya namba za mraba kupunguza namba za kujaribiwa.

Kutokana na vigawo hivyo, uainishaji wa namba hii unakamilika. Ni witiri, ni zao la namba tasa mbili, na ni pungufu, kwa kuwa jumla ya vigawo vyake vingine ni 762,031,965,009 tu.

Pengo la miaka 27 kati ya Lucas na Cole si kasoro ya kihistoria. Mfumo wa usimbaji uliobuniwa na Rivest, Shamir na Adleman mwaka 1977 umejengwa juu ya pengo la aina hiyohiyo: ni rahisi kutambua kuwa namba kubwa si tasa, lakini ni vigumu mno kupata vigawo vyake.