Vyanzo vya kidijitali vya masomo ya Kurani

Chanzo cha kidijitali cha Kurani ni matini ya msahafu, pengine pamoja na uchambuzi wa lugha na tarjuma, iliyohifadhiwa kwa namna inayowezesha kompyuta au simu kuitafuta neno kwa neno. Uaminifu wake hutegemea mambo matatu: msahafu ilikonakiliwa, riwaya iliyofuatwa, yaani njia ya upokezi wa kisomo, na uhakiki uliofanywa.

Matini nyingi hufuata riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim, iliyochapishwa Cairo mwaka 1924 na baadaye Madina. Mradi wa Tanzil, ulioanza mwaka 2007, ulikusudia kuondoa makosa ya herufi na irabu yaliyokuwa yakirithiwa kila matini iliponakiliwa, na matini yake iliyohakikiwa kwa msahafu wa Madina imekuwa msingi wa programu nyingi. Hutolewa kwa tahajia mbili, rasmu ya Uthmani, ambayo ni maandishi ya kale ya msahafu, na imlai, tahajia ya Kiarabu cha kawaida. Tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa neno la sala huandikwa katika rasmu kwa wau mahali pa alifu, na anayelitafuta kwa imlai katika matini ya rasmu anaweza kulikosa ingawa limetajwa mara nyingi. Hesabu ya aya nayo hubadilika: misahafu ya Hafs ina aya 6236, ilhali ule wa Warsh kutoka kwa Nafi, unaosomwa Maghribi, una aya 6214 na hauihesabu Bismillahi kuwa aya ya Al-Fatiha, hivyo aya ya 4 ya msahafu mmoja huwa ya 3 katika mwingine. Chanzo kisichotaja riwaya hakifai kunukuliwa katika utafiti.

Kwa sarufi, hazina ya Chuo Kikuu cha Leeds huonyesha mzizi na hali ya kila neno; uchambuzi huo ulianzia kwenye mashine kisha ukasahihishwa na watu, kwa hiyo ni rai ya wachambuzi, wala haulingani na matini yenyewe. Corpus Coranicum ya Ujerumani huweka hati za kale na visomo mbalimbali pamoja.

Tarjuma huhitaji tahadhari kubwa zaidi. Ile ya Kiswahili iliyomo Tanzil ni ya Ali Muhsin Al-Barwani, nayo ya Abdullah Saleh Al-Farsy ya mwaka 1969 ilichapishwa pamoja na maelezo marefu. Programu inayoonyesha maneno ya tarjuma bila jina la mfasiri wala maelezo yake humnyima msomaji njia ya kupambanua aya na ufafanuzi wa mwanachuoni.