Askari wa Dar es Salaam na sindano ya majaribio

Ukifika Bariadi msimu wa kuuza pamba utaona fedha inavyotembea. Malori yanapakia, vijana wana noti mfukoni, na vilabu vya pombe vinajaa. Wanaume wa namna hii, pamoja na madereva wa masafa marefu na wachimbaji wadogo, wataalamu huwahesabu miongoni mwa walio hatarini kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Je, wakiombwa watoe mkono wao kwa chanjo ya majaribio, watakubali?

Wapo watakaojibu haraka kwamba mwanamume wa Kisukuma hakubali mambo hayo. Mimi nasema tusimhukumu. Kwa jadi Wasukuma hawatahiri, lakini huduma ya tohara ya hiari ilipoenea Kanda ya Ziwa kuanzia 2010, Simiyu ikiwamo (mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012), maelfu walijitokeza. Na ujuzi ule haukushuka kutoka mbinguni. Wanaume 2,784 wa Kisumu, na karibu 5,000 wa Rakai nchini Uganda, walikubali kwanza kufanyiwa majaribio, baadhi watahiriwe mara moja na wengine wangoje. Desemba 2006 majaribio yalisimamishwa kwa sababu jibu lilikwisha patikana: maambukizo mapya yalipungua kwa takriban nusu.

Chanjo, hata hivyo, ni jambo jingine, na hapo ndipo ninapotaka tuwatazame askari polisi wa Dar es Salaam.

Kuanzia 1994 wataalamu wa Muhimbili waliwapima na kuwafuatilia askari wapatao 2,850 wa jiji hilo. Kiasi cha 14 katika kila 100 walikutwa na virusi. Basi chanjo ya majaribio ilipofika mwaka 2007, kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, askari ndio walioendewa. Walihitajika watu 60 tu, wenye afya na wasio na mwenendo wa hatari, kwa kuwa hatua ya kwanza hupima usalama wa dawa. Wale walio hatarini hasa huhitajika katika hatua za baadaye, inapoulizwa kama chanjo inakinga.

Walipoulizwa baada ya semina, askari walio wengi walisema wako tayari. Wengine walitaja wajibu kwa taifa, jambo ambalo mimi silidharau hata kidogo. Lakini kukubali ukumbini si sawa na kufika kliniki. Baadhi ya waliokwisha chaguliwa walijitoa, na sababu zao hazikuwa woga wa madhara peke yake. Wachumba, wazazi na marafiki waliwakataza. Waliobaki wakasikia maneno kutoka kwa wenzao kazini, na nyumbani wakaulizwa kama wataweza tena kuzaa.

Chanjo ile haikuwa na virusi vyenyewe, na wengine walichomwa maji ya chumvi tu. Tatizo liko kwenye vipimo. Mwili uliochanjwa ukitengeneza kinga, kipimo cha kawaida kinaweza kuisoma kinga hiyo kana kwamba ni maambukizo. Fikiria kijana anayekwenda kupima na mchumba wake kabla ya ndoa, na karatasi inasema ameambukizwa. Watafiti wana vipimo vingine vya kuonyesha ukweli, lakini nani atamfikia shangazi wa binti na vipimo hivyo?

Tangu hapo safari imekuwa ngumu. Thailand, mwaka 2009, chanjo iliyojaribiwa kwa watu zaidi ya 16,000 ilipunguza maambukizo kwa asilimia 31. Afrika Kusini ilisimamisha majaribio ya chanjo ya aina hiyo mwaka 2020. Mwaka 2023 zilisimamishwa chanjo zilizojaribiwa Dar es Salaam, Mbeya, Masaka na Durban, kwa kuwa hazikuonyesha dalili ya kukinga. Waliojitolea hawakupata chanjo, ila wametuonyesha njia zipi zimefungwa.

Kwa hiyo siku wataalamu watakapofika Bariadi, mimi sitawauliza kama wanaume watakubali sindano. Nitawauliza kama wake na wachumba wao wamealikwa kwenye semina, na kama hospitali ya mkoa itakuwa na kipimo cha kutofautisha kinga na maambukizo.