Umeme Ulivyofunua Siri ya Damu

Ndugu wasomaji, hapa kwetu Nyawera wachumba wanapojitayarisha kwa ndoa, mara nyingi husikia neno gumu kutamka: elektroforezi. Wengine huambiwa na waganga, wengine na wazazi, wengine na rafiki waliokwisha kuona msiba nyumbani mwao. Hutoa fedha, hutoa damu kidogo, hungojea karatasi yenye herufi mbili tu: AA, au AS, au SS. Kisha hurudi nayo wakiiogopa kama hati ya hukumu. Lakini ni wachache walioelezwa neno hilo limetoka wapi, na umeme una kazi gani katika damu ya mtu. Twaona ni vema tusimulie habari hiyo tangu mwanzo, maana sehemu kubwa yake ni habari ya watu wa nchi zetu hizi.

Chembe zenye umbo la mundu

Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya chembe ndogo mno zilizomo ndani yake, nazo ni za mviringo kama sahani. Kila chembe imejaa kitu kiitwacho hemoglobini. Kazi yake ni kupokea hewa ya oksijeni mapafuni na kuipeleka mwilini mwote.

Mwaka 1910 mganga mmoja wa Chicago, Marekani, jina lake James Herrick, aliandika habari ya kijana kutoka kisiwa cha Grenada, mwanafunzi wa uganga wa meno, aliyekuwa akiugua mara kwa mara. Chini ya hadubini nyingi za chembe zake hazikuwa mviringo, bali nyembamba na zilizopindika kama mundu wa kuvunia. Ndiyo sababu ugonjwa huo kwa Kiswahili huitwa selimundu. Nao waliosoma Kifaransa huuita drepanositozi. Mwaka 1927 mabingwa wawili wa Marekani, Vernon Hahn na Elizabeth Gillespie, walionyesha kwamba chembe hizo hupindika zinaponyimwa oksijeni, na nyingi hurudia umbo lake zikiipata tena.

Basi twaweza kufahamu mateso ya mgonjwa. Chembe zilizopindika hukwama katika mishipa myembamba, kama matawi yanavyoziba mfereji. Mtoto huvimba mikono na miguu, hulia kwa maumivu ya mifupa, macho hugeuka manjano. Tena chembe hizo hufa upesi kuliko nyingine, hata damu ikapungua mwilini. Lakini kwa nini zipindike? Hapo waganga walikwama miaka mingi.

Nuru yatoa ushahidi

Ishara ya kwanza ililetwa na nuru. Kuna vioo vya namna ya pekee vinavyochuja nuru, hata ikatikisika upande mmoja tu. Ukiviweka vioo viwili vya namna hiyo, kimoja juu ya kingine, na kukigeuza kimoja mpaka vikingamane, nuru haipiti, giza latanda. Lakini ukitia katikati yake kitu ambacho sehemu zake zimepangwa kwa safu, kama nyuzi za kitambaa, nuru hugeuzwa njia na kitu hicho chang'aa gizani.

Mwaka 1940 kijana mmoja aliyekuwa akisomea uganga huko Baltimore, Irving Sherman, alitazama damu ya wagonjwa kwa namna hiyo. Chembe za mviringo zilibaki gizani. Chembe zilizonyimwa oksijeni na kupindika ziling'aa. Maana yake ni nini? Ni kwamba ndani ya chembe iliyopindika hemoglobini haikutawanyika ovyo, bali imejipanga safu kwa safu. Basi kasoro haikuwa katika ngozi ya chembe. Ilikuwa katika hemoglobini yenyewe. Mwaka 1945 mganga William Castle alimsimulia jambo hilo Bwana Linus Pauling, mtaalamu mkubwa wa kemia wa Kalifornia. Huyo alitambua mara moja kwamba hemoglobini ya wagonjwa lazima iwe tofauti na ya watu wengine. Ilibaki kuthibitisha.

Umeme watenganisha

Chombo cha kuthibitishia kilikuwa kimekwisha kutengenezwa Ulaya. Huko Uppsala, Sweden, mwaka 1937, Bwana Arne Tiselius alieleza mtambo wake wa kupitisha umeme katika maji yaliyoyeyushwa ndani yake vitu kama vile vya damu. Kanuni yake ni nyepesi. Kitu chochote chenye chaji, yaani nguvu ya umeme iliyomo ndani yake, kikiwekwa kati ya ncha mbili za umeme huvutwa upande ulio kinyume cha chaji yake. Chenye chaji nyingi huenda upesi, chenye chaji kidogo huenda polepole. Kwa hiyo vitu viwili vilivyochanganyika vitaachana njiani, kama wasafiri wawili wenye miguu isiyolingana. Naye Tiselius aliuona mpaka kati yake kwa msaada wa nuru tena, maana nuru hupinda ipitapo mahali maji yanapobadilika. Kama sisi tuonavyo vitu vikitikisika juu ya bati lililochomwa na jua la mchana. Kazi hiyo ndiyo elektroforezi, na mwaka 1948 ilimpatia Tiselius tuzo ya Nobel.

Bwana Pauling aliikabidhi kazi ya damu kwa kijana Harvey Itano. Huyu alizaliwa Marekani na wazazi wa asili ya Japani, na mwaka 1942, wakati wa vita, aliwekwa kambini pamoja na jamaa yake kwa sababu tu ya asili hiyo. Itano na wenzake, S. J. Singer na Ibert Wells, walitia hemoglobini katika mtambo. Wakaona ajabu: katika maji ya dawa yaliyopimwa barabara, hemoglobini ya mtu mzima wa afya ilivutwa upande mmoja, na ya mgonjwa ilivutwa upande wa pili. Halafu wakachukua damu ya watu wasiougua, lakini chembe zao huweza kupindika zikinyimwa oksijeni kabisa. Hao walikuwa na hemoglobini za namna zote mbili, zimechanganyika katika mtu mmoja.

Habari hizo zilichapishwa Novemba 1949. Kwa mara ya kwanza katika historia ya uganga, ugonjwa ulionekana kuwa kasoro katika umbile la kitu kimoja kidogo kisichoonekana hata kwa hadubini. Mwaka ule ule James Neel huko Marekani, na E. A. Beet katika nchi ambayo leo ni Zambia, walieleza urithi wake: mgonjwa amepokea fungu moja la kasoro kwa baba na moja kwa mama. Umeme na hesabu za jamaa vilisema neno moja.

Punje moja katika kamba

Lakini tofauti yenyewe ni kubwa kiasi gani? Fikirini rozari. Hemoglobini nayo ni kama kamba nne za punje zilizokunjamana pamoja. Mbili zina punje 141 kila moja, na mbili zina punje 146 kila moja. Jumla yake ni punje 574. Huko Cambridge, Uingereza, Vernon Ingram alikata hemoglobini vipande vipande, akavitandaza juu ya karatasi, akavitenganisha kwanza kwa umeme. Mwaka 1957 alitangaza aliyoyaona: tofauti ni punje moja tu katika kamba. Leo twajua ni ya sita katika kila kamba ndefu. Mahali penye punje yenye chaji pamekaa punje isiyo na chaji. Kwa kuwa kamba ndefu ni mbili, chaji zilizopungua ni mbili. Hizo mbili ndizo zilizoifanya hemoglobini ishike njia nyingine katika umeme. Nayo punje ile ngeni hunata kwa jirani yake hewa ya oksijeni ikipungua, safu zikajengeka, chembe ikapindika, nayo ikang'aa katika nuru iliyochujwa. Chanzo ni kimoja: umbo, nuru na umeme vilikuwa vikishuhudia jambo lile lile.

Watu wa Bwamba na watoto wa Buganda

Sasa tuje kwetu. Ikiwa kasoro hii huua watoto, ingefaa ipotee kadiri vizazi vinavyopita. Mbona haikupotea? Mwaka 1949 waganga Hermann Lehmann na Alan Raper walitangaza matokeo ya kupima damu ya makabila ya Uganda. Katika Bwamba, bonde lililo chini ya milima ya Ruwenzori, mpakani mwa Kongo, waliona watu 45 katika kila 100 wakiwa na chembe ziwezazo kupindika. Katika makabila mengine walikuwa wachache sana.

Kijana Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alitambua kwamba wingi huo huandamana na mbu na malaria. Mwaka 1954 alitoa hesabu ya watoto 290 aliowapima karibu na Kampala. Kati ya 43 wenye urithi huo, 12 walikuwa na vijidudu vya malaria katika damu. Kati ya 247 wasio nao, 113 walikuwa navyo. Tena Wajaluo 30, watu wazima, walikubali kutiwa malaria kwa ajili ya utafiti. Kati ya 15 wenye urithi, 2 tu walishikwa. Kati ya 15 wasio nao, 14 walishikwa. Basi aliyepokea fungu moja tu la kasoro hupata ngao dhidi ya malaria kali. Aliyepokea mafungu mawili huugua selimundu. Urithi ule ule uliowaokoa babu zetu wengi ndio unaowatesa baadhi ya wajukuu wao.

Katika Kongo, waganga wengi walidhani kwamba ugonjwa wenyewe ni haba kwetu. Lakini huko Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, Joseph na Claude Lambotte-Legrand walianza miaka ya 1950 kuandika habari za watoto wagonjwa waliowaona wao wenyewe. Ugonjwa haukuwa haba. Watoto walikufa mapema, wakazikwa bila kuhesabiwa. Mwaka 2009 ilitangazwa hesabu ya watoto wachanga 31,204 waliopimwa Kinshasa, kwa njia ya umeme vilevile: karibu 17 katika kila 100 walikuwa AS, na zaidi ya mmoja katika kila 100 alikuwa SS.

Nasi yatupasa nini?

Kwanza, tusome karatasi kwa akili. AA hana kasoro. AS kwa kawaida haugui. SS ndiye mgonjwa. Mume AS na mke AA hawatazaa mtoto SS. Mume AS na mke AS, katika kila mimba, hatari ni moja katika nne. Tunasema katika kila mimba. Si kwamba wakizaa mgonjwa mmoja watatu wanaofuata watakuwa salama.

Pili, tujue kipimo tulichopewa. Kile cha Emmel, cha tangu mwaka 1917, cha kufungia tone la damu kati ya vioo, huonyesha tu kwamba chembe zaweza kupindika. Hakitofautishi AS na SS. Elektroforezi hutofautisha. Naye aliyeongezewa damu ya mtu mwingine hivi karibuni amweleze mganga, maana umeme utaonyesha na damu ya yule aliyempa.

Tatu, wachumba wapime mapema, kabla ng'ombe wa mahari hawajatoka zizini, si juma la arusi. Lakini karatasi isigeuzwe kuwa mwamuzi. Sheria ya Kanisa haiutaji ugonjwa huu miongoni mwa vizuizi vya ndoa. Karatasi inawaambia wawili wale ukweli, nao wataamua wakiwa macho wazi, wala si wajomba wala majirani kwa niaba yao.

Nne, mtoto SS si maiti anayengojea kaburi. Dawa ya kuzuia vijidudu, chanjo, maji ya kunywa kwa wingi, chandarua, na mganga wa karibu huokoa wengi. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya dawa iitwayo hidroksiyurea kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda: maumivu yalipungua, malaria ikapungua, na vifo vikapungua. Lakini atasaidiwaje asiyejulikana? Kwa hiyo yafaa kupima watoto wangali wachanga. Hata hapo mashine ya umeme haipo, au umeme umekatika, njia nyingine zinatafutwa. Mwaka 2007 ilitangazwa habari ya watoto wachanga 1,825 wa Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo waliopimwa kwa kipimo kipya cha namna nyingine.

Mwisho, na hili ndilo lililotufanya tuandike. Katika nyumba nyingi, watoto wakifa mmoja baada ya mwingine, mama hushitakiwa. Husemwa ana mkosi, ana uchawi, ukoo wake umelaaniwa. Wengine hufukuzwa na kurudi kwao mikono mitupu. Ndugu wasomaji, tangu mwaka 1949 neno hilo halina mahali pa kusimama. Mtoto SS amepokea fungu moja kwa mama na fungu moja kwa baba, sawa kwa sawa. Anayemfukuza mke kwa sababu hiyo anamfukuza kwa kosa ambalo nusu yake imo katika damu yake mwenyewe, wala si kosa, bali ni punje moja katika kamba. Tuwaeleze hivyo wazee wetu kwa adabu, na vijana wetu mapema.