Mkataba Kabla ya Msimbo: Historia Fupi ya Lugha za Kuelezea Data na Funzo Lake kwa Sera ya Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya zana zinazowezesha programu zilizoandikwa kwa lugha tofauti za kompyuta kupashana data bila kupotosha maana. Inadai kwamba historia hiyo ni ya majadiliano kuhusu kile ambacho ni lazima kitajwe na kile kinachoweza kunyamaziwa. Kwa hiyo inawahusu wapangaji wa sera ya lugha sawa na inavyowahusu wahandisi.

1.0 Utangulizi

Lugha za kompyuta hazikubaliani hata kuhusu namba. Katika Java, namba kamili ya aina ya int ina biti 32. Katika Python, namba kamili haina kikomo cha namna hiyo. Programu mbili za lugha hizo zinapohitaji kuwasiliana, pande zote huhitaji lugha ya kati. Wahandisi waliamua kuandika kwanza maelezo ya data, yaani skima, kisha kuiachia kompaila kazi ya kuzalisha msimbo wa kila lugha. Kinachozalishwa ni objekti sahili: vifurushi vya data ambavyo kila uga wake una aina iliyotangazwa, hivyo kwamba mtu akiweka maneno mahali pa namba, kosa hubainika mapema.

2.0 Kutoka Palo Alto hadi CORBA

Mwaka 1984, Andrew Birrell na Bruce Nelson wa maabara ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, walichapisha makala iliyoeleza jinsi programu inavyoweza kuita kazi iliyo katika kompyuta nyingine kana kwamba iko ndani yake. Msimbo wa kuunganisha pande mbili ulizalishwa na programu maalumu iliyoitwa Lupine, kutokana na maelezo yaliyoandikwa kwa lugha ya Mesa. Hapo pande zote mbili zilizungumza lugha moja.

Kampuni ya Sun ilipiga hatua nyingine mwaka 1987 ilipochapisha kiwango cha XDR, kilichoeleza umbo la data bila kujali aina ya kompyuta. Baadaye shirika la Object Management Group, lililoanzishwa mwaka 1989, lilitoa CORBA mwaka 1991. Lugha yake ya maelezo ilikusudiwa kutoegemea upande wowote, ingawa sarufi yake ilifanana sana na ile ya C++. Mwanaisimu hatashangaa: lugha ya kati nayo huwa na asili yake. Kiswahili Sanifu chenyewe, kilichoratibiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja.

3.0 Protocol Buffers na suala la lazima

Kampuni ya Google ilianza kutumia Protocol Buffers kwa kazi zake za ndani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ikaitoa kwa umma mwaka 2008 ikiwa na msimbo wa C++, Java na Python. Lugha nyingine huongezwa kwa programu-jalizi: kompaila husoma skima, huikabidhi kwa programu-jalizi, nayo hurudisha mafaili ya msimbo wa lugha inayohusika. Kwa njia hiyo, jamii ya watumiaji wa lugha yoyote ya kompyuta inaweza kujiunga bila kuibadilisha kompaila yenyewe.

Katika toleo la awali, mwandishi wa skima aliweza kuutangaza uga kuwa wa lazima. Ujumbe uliokosa uga huo ulikataliwa. Uzoefu ulionyesha kuwa sharti la namna hiyo ni rahisi kuliweka na ni vigumu kuliondoa, kwa sababu programu za zamani huendelea kulidai. Toleo la tatu, la mwaka 2016, liliondoa sharti hilo kabisa. Hata hivyo likazua tatizo jingine: kwa namba za kawaida, uga usiojazwa haukuweza kutofautishwa na uga wenye sifuri. Alama ya hiari, inayotenganisha ukimya na sifuri, ilirejeshwa rasmi mwaka 2021.

4.0 Funzo kwa sera

Wahandisi walisukumwa na haja ya kubadili mifumo bila kuivunja, lakini matokeo yanagusa watu. Wakazi wengi wa pwani ya Afrika Mashariki hutambulika kwa jina lao, la baba na la babu, bila jina la ukoo. Skima inayolazimisha jina la ukoo humfanya karani abuni jina. Vilevile, mfumo unaohesabu siku kuanzia tarehe 1 Januari 1970 na usiotofautisha ukimya na sifuri utampa tarehe hiyo kila mzee asiyejua siku aliyozaliwa.

Kuna pia suala la majina ya nyuga. Protocol Buffers hukubali herufi za Kilatini zisizo na alama, tarakimu na mstari wa chini. Kwa hiyo jina_la_mtoto hukubalika, ilhali ng'ombe hupoteza kibainishi chake, na hati ya Kiarabu iliyotumika kuandika Kiswahili kwa karne kadhaa haiwezi kutumika kwa majina hayo, ingawa inaruhusiwa katika data. Kompaila ya Java huzalisha getJinaLaMtoto: kitenzi cha Kiingereza kimebandikwa kwenye nomino ya Kiswahili. Muundo huo si kikwazo. Afisa wa usajili bado anaweza kuusoma mkataba na kuuhoji.

5.0 Hitimisho

Nchi jirani zinapokubaliana kubadilishana data za watu, makala hii inapendekeza mambo matatu. Kwanza, skima zichapishwe zikiwa na maelezo ya Kiswahili kabla ya msimbo kuzalishwa. Pili, kila sharti la lazima litolewe sababu kwa maandishi. Tatu, wanaistilahi washirikishwe wakati nyuga zinapopewa majina, kwa kuwa jina likishaenea katika mifumo ya nchi kadhaa, kulisahihisha huwa na gharama kubwa.